Sentimita Tisini

Mtaalamu wa udongo, Bi. Zahra wa Malindi mjini,
alinilipa mia tano nimchimbie shimo huku Chakama,
refu kama kaburi, ila ukuta mmoja uwe wima.
"Huo usiukwaruze," alisema, "nataka kuusoma."

Kusoma! Sisi huukanyaga tu.
Huukanyaga wakati wa jua, ukiwa mgumu kama deni,
umepasuka hadi mguu wa mbuzi unazama
na mchungaji anakwenda kainamisha kichwa
kama mtu aliyeangusha shilingi.
Mvua ikishanyesha, wenyewe ndio hutukanyaga:
unang'ang'ania kandambili moja, unadai na ya pili,
unapanda kifundoni, unavimba,
lori la maji linalala njiani siku tatu
dereva akichemsha chai kwenye mkebe.

Nikachimba.
Shubiri ya kwanza, vumbi na mizizi ya nyasi
iliyokatika. Si panya, alisema, si mchwa:
udongo huu ukikauka hujivuta,
hukata hata kilichojifunga kwake.
Shubiri ya tatu, jembe likadunda.
Ya nne nikakuta bapa linang'aa,
laini kama kipande cha sabuni,
pale mabonge mawili yaliposuguana
masika hadi masika.
Akachukua tonge, akalilowesha, akalifinyanga,
akavuta utepe mrefu kupita kidole,
akaupinda ukawa pete. Haukukatika.
"Mfinyanzi," akaandika. "Zaidi ya nusu."

Kisha akanyoosha mkono kule Galana inakotoka.
"Huu si wa hapa. Baba yake ni moto.
Huko bara milima ilitapika, mawe yakapoa,
yakaoza polepole kama meno,
mto ukabeba."
Nikamwambia: basi ni mgeni kama sisi sote,
ila wenyewe haujaulizwa hati.

"Tena hujila," akasema. "Kiangazi nyufa hufunguka,
cha juu huanguka chini. Masika hufumba, huvimba,
cha chini husukumwa juu.
Ndiyo maana nguzo zenu za ua zimeinama
kama walevi wanaosindikizana."

Nilikuwa bado nacheka
jembe lilipolia *ti*.

Si jiwe la chokaa; yale meupe
nilishayatoa kikombe kizima.
Shaba. Kengele ya beberu,
ulimi wake umeshikwa na udongo.

Mwaka ule mto ulipobaki mchanga mtupu
Mwaringa alirudi na mbuzi wote, kengele hana.
Baba alihesabu shingo, hakuhesabu nyufa.
Umeiuza Baricho, alisema, umelamba sukari.
Fimbo ilikuwa ya mkone.
Mdogo wangu hakulia. Alisema mara moja tu,
"Ardhi imeila,"
na nyumba nzima, nami nikiwemo, tukacheka.
Asubuhi kitanda chake cha kamba kilikuwa kitupu.
Tukasikia yuko Gongoni, anakwangua chumvi.
Kisha hatukusikia.

Bi. Zahra akashusha utepe wa kupimia.
"Sentimita tisini." Akatafuta safu ya kuiandika,
hakuipata, akaandika pembeni: *kitu cha chuma*.
Shaba, nikamsahihisha.
Akafuta, akaandika shaba, hakuuliza.

Jioni nikafukia kama nilivyoagizwa.
Udongo uliotoka ulikataa kurudi wote,
ukabaki kama tumbo la mtu aliyeshiba.

Nyumbani nimeiosha kwa maji mawili.
Nje imetakata. Ndani sikuichokonoa.
Nikamwekea baba kiganjani;
siku hizi masikio hana, macho ni ya kubahatisha.
Akaipapasa ukingo, akaipapasa kitanzi,
akaitikisa kando ya shavu
isilie,
akaniuliza:
"Amerudi mbuzi gani?"